Kumkalisha Bibi: mwongozo kwa aliyenunua sinki la kale lisilo na miguu

Sinki la kale halinunuliwi, huposwa. Umekwenda yadi ya vifaa vya nyumba zilizobomolewa, mashariki ya Johannesburg, kutafuta bawaba za mlango. Unamkuta kalala chali kwenye nyasi, kajaa maji ya mvua na maua ya mjakaranda, na moyo unakuambia huyu ni wa nyumbani. Lipa, mfunge blanketi, mpakie. Mengine yatasubiri, maana sinki la namna hii haliuzwi na kiti chake. Kiti utakijenga wewe.

Wangu ninamwita Bibi, na humu nitaendelea kumwita hivyo. Ukimwita Bibi utamshika kwa adabu, na kauri iliyoshikwa kwa adabu haipasuki. Chini ya tumbo ana muhuri wa Shanks, Barrhead, mji mdogo karibu na Glasgow huko Uskoti, ambako kiwanda hicho kilifinyanga masinki na vyoo kwa ajili ya nusu ya dunia iliyokuwa ikitawaliwa na Waingereza. Alivuka bahari kwa meli, akapanda treni. Reli kutoka Rasi, yaani Cape, ilifika Johannesburg mwaka 1892, miaka sita tu baada ya dhahabu kugunduliwa, na tangu siku hiyo vitu vizito vikaacha kuburutwa na magari ya ng'ombe: mabomba, mabati ya dari yenye maua, mbao za Oregon, na mabibi wa kauri ndani ya majani makavu. Ana upana wa sentimita 63, kina cha 48, mgongo uliosimama, vitundu viwili vya bomba na vishimo viwili vya sabuni. Miguu hana. Huko alikotoka alikalia mikono miwili ya chuma iliyochimbiwa ukutani, na waliobomoa ile nyumba waliiuza mikono hiyo kwa kilo, pamoja na mabomba.

Kabla ya kutoa pesa, mgonge. Akina mama wa Tabora wakinunua chungu sokoni hukipiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Chungu kizima kinaita, chenye ufa kinakohoa. Kauri nayo ni udongo uliochomwa, ila umepakwa glezi. Mwinue kidogo ubavu mmoja, mgonge mahali sita au saba, hasa kuzunguka tundu la kutolea maji na vitundu vya bomba, kwa kuwa hapo ndipo mafundi waliopita walipokaza nati kwa hasira. Akikohoa, mwache apandwe mauaridi. Nyufa ndogo za juu, zile zinazofanana na nywele kwenye glezi, hizo ni makunyanzi ya umri, hazimzuii kufanya kazi.

Usimpandishe teksi ya abiria. Ukinyoosha kidole cha shahada juu barabarani, dereva anayekwenda mjini atasimama, na abiria watakupisha kwa huruma, lakini kilo 31 za kauri mapajani kwenye barabara ya Louis Botha ni mtihani ambao magoti yako hayakuuomba. Tafuta jirani mwenye pikapu, ambayo hapa kila mtu huiita bakkie. Akiwa ndani ya bakkie alale kifudifudi juu ya blanketi, kamwe asisimamishwe kwa ukingo.

Sasa hesabu, na hesabu hii usiiruke. Simama kwenye mizani peke yako, kisha simama ukiwa umembeba. Tofauti ndiyo uzito wake: kwangu, zile kilo 31. Halafu ziba tundu lake, mimina maji lita moja moja mpaka yafikie kitundu cha kufurikia. Wangu alibeba lita 11, na lita ya maji ni kilo moja. Mwisho weka mizani juu ya meza na uiegemee kwa viganja viwili, kama mtu anayeosha uso saa kumi na moja alfajiri mwezi wa saba, baridi ya Johannesburg ikiwa imemng'ata. Yangu ilisoma 27. Jumla kilo 69. Zidisha mara mbili, kwa sababu ipo siku mtoto atapanda kutafuta dawa ya meno, na ujenge kiti cha kubeba 140. Watu wengi huona sinki wakafikiri sahani. Fikiria watu wawili wazima wamekaa pale, ndipo uchague mbao.

Ukishajua uzito, ukague ukuta, na hapa ndipo wenye nyumba wengi wa mitaa hii ya zamani wanapoingia kwenye majuto. Kensington, Troyeville, Bertrams, Jeppestown na kwetu Bez Valley zimejaa nyumba za kabla ya vita ya kwanza ya dunia, na kuta zake zimeungwa kwa chokaa laini. Kuta za ndani mara nyingi ni za tofali moja tu, milimita 110. Chukua drili, toboa tundu la milimita 8 mahali ambapo hapataonekana, kisha usiangalie tundu, angalia vumbi. Vumbi jekundu la chembechembe, linalotoka kwa kelele, ni tofali lililoiva. Vumbi laini kama unga wa muhogo, linalomiminika bila ubishi, ni onyo. Kwangu ulikuwa unga, na plagi niliyoipigilia ndani ilizunguka na skrubu kama jino bovu. Ukuta wa namna hiyo usiupe mzigo. Atakuja mtu na kopo la silikoni akuambie inashika kila kitu. Mkaribishe chai, kopo liache nje. Silikoni kazi yake ni kuziba maji yasipenye. Kilo 140 haiziwezi.

Kisha sakafu. Nyumba nyingi za enzi hiyo hazikujengwa na bafu ndani. Choo kilikuwa nyuma ya kiwanja, na mitaa kadhaa ya kale bado ina vile vichochoro vya nyuma ambamo wabeba ndoo walipita usiku. Bafu liliongezwa baadaye, na mahali rahisi pa kuliongeza palikuwa baraza ya nyuma, ile wanayoiita stoep: unainua ukuta, unatia dirisha, umepata bafu. Sasa kumbuka baraza hujengwaje. Hupewa mteremko ili maji ya mvua yatoke nje, na mvua za alasiri za hapa hazibembelezi. Kwa hiyo una bafu zuri lenye sakafu ya simenti nyekundu iliyong'arishwa kwa nta miaka 80, na sakafu hiyo bado inaamini ni baraza. Weka ubao ulionyooka, juu yake pima maji, inua upande wa chini mpaka kitone cha hewa kikae katikati, pima mwanya. Mimi nilipata milimita 9 kwa sentimita 60. Bibi akikalishwa kwenye miguu iliyolingana hapo, maji yatarundikana upande mmoja na sabuni itahama.

Neno moja kuhusu sheria, kisha tuendelee. Sheria ya urithi ya Afrika Kusini namba 25 ya mwaka 1999, kifungu cha 34, inakataza kubomoa au kubadilisha jengo lolote lenye umri zaidi ya miaka 60 bila kibali cha mamlaka ya urithi ya jimbo, ambayo hapa Gauteng hufupishwa PHRAG. Ukifikiria kuangusha ukuta ili Bibi apate nafasi, uliza kwanza. Kiti kinachosimama kwa miguu yake hakimwangushi mtu ukuta, na hiyo ni sababu nyingine ya kukipenda.

Basi kisimame. Lakini kwa miguu mingapi? Yeyote aliyekulia jikoni kwa kuni atasema mitatu, na ana hoja. Mafiga ni matatu kwa sababu vitu vitatu havijui kuyumba. Ardhi iwe na mashimo kiasi gani, chungu kinatulia. Nilikaa na wazo hilo wiki nzima na nikachora michoro mizuri. Kisha nikajiegemeza kwenye kona ya kushoto ya meza ya miguu mitatu na kuona inavyoinuka. Chungu hakiegemewi na mtu. Sinki huegemewa, na huegemewa kwenye kona, na mtu mwenye sabuni machoni. Kwa hiyo miguu iwe minne, na kazi ya kuikata ifuate sakafu uifanye wewe, badala ya kuiachia bahati. Ukutani weka vishikio viwili vidogo kwa nyuma, vya kumzuia asipinduke. Vile havibebi kitu. Hata ukuta wa unga unaviweza.

Kuhusu mbao nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipopata mwalimu.

Nilikuwa nimenunua vipande vya kiaat, mbao ambayo Waafrika Kusini wanaisifu kwa samani za kurithishana. Nilivipanga ukumbini vizoee hewa, na hilo lisikupite: hewa ya Johannesburg, mita 1,700 juu ya bahari, mwezi wa sita na wa saba hukauka mpaka midomo inapasuka, na mbao iliyoletwa kutoka mahali penye unyevu ikiungwa siku hiyo hiyo itajikunja ikiwa tayari imevaa skrubu. Ipe wiki tatu ndani ya chumba chenyewe. Basi vikiwa pale, akapita mzee mmoja wa Kensington, mwenyeji wa hapa hapa, aliyekuja kuazima ngazi. Akachukua kipande kimoja, akakikwangua kwa ukucha, akakinusa.

"Mninga," akasema. Kwa Kiswahili.

Mimi mtoto wa Tabora nikasimama. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, ndugu." Na akacheka, kwa kuwa Kensington hakuna anayemwamkia.

Mti ni mmoja kweli: kiaat ya Makaburu, mukwa ya Zimbabwe, mninga wetu wa miombo, ule unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa. Mzee huyu aliujulia Morogoro. Alivuka mpaka akiwa kijana baada ya maasi ya Soweto ya 1976, akafika Mazimbu, lile shamba la zamani la mkonge ambalo Tanzania iliwapa ANC mwaka 1977, na mwaka uliofuata shule ikaanza. Ilikuja kubeba jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Palikuwa na madarasa, mashamba, hospitali, na kiwanda cha samani kilichopewa jina la Vuyisile Mini, kiongozi wa wafanyakazi na mtunzi wa nyimbo, aliyenyongwa Pretoria pia, Novemba 1964. Humo ndimo mzee alimoshika randa. Mwaka 1992 wakimbizi walipokuwa wakirudi kwao, Mazimbu ikakabidhiwa serikali ya Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Yeye akarudi na ufundi wake na Kiswahili cha miaka ya themanini, ambamo kila mtu ni ndugu na kila kazi ni ya kujitolea.

Ngazi hakuichukua siku ile. Alivua koti.

Aliyonifundisha kuhusu mninga ni haya. Ondoa sehemu yote nyeupe ya nje, hata kama ni nusu ya mbao na roho inakuuma. Wadudu hula ile nyeupe, kiini cha kahawia hawakigusi. Kiini hicho kinasinyaa kidogo sana, ndiyo sababu kinafaa bafuni. Vumbi lake ni kali kwa pua na kifua, funga barakoa unapopiga msasa. Kama mfuko hauruhusu mninga, tumia mbao za Oregon zilizotolewa kwenye paa na sakafu za nyumba zilizobomolewa. Zimekauka miaka 100. Zing'oe misumari yote kwanza, na kama zina rangi ya zamani usizipige msasa zikiwa kavu, kwa maana rangi za zama zile zilikuwa na risasi, na vumbi la risasi ni sumu kwa watoto.

Sasa umbo. Watu huanza kwa kujenga fremu iliyonyooka, kisha humleta Bibi akae, kisha hushangaa anapiga kelele. Bibi hakunyooka. Udongo ukiokwa husinyaa na kujipinda, na mfinyanzi wa Barrhead alijua hivyo na hakuona haya. Nilipoweka rula kwenye mgongo wake katikati palikuwa na mwanya wa milimita 4. Ukimlazimisha kwenye fremu iliyonyooka atakalia pembe mbili, na kauri inachukia kukalia pembe mbili kuliko inavyochukia nyundo. Uzito ukienea anabeba chochote. Ukikusanyika mahali pamoja, anapasuka usiku mnalala.

Mlaze kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa mara nne. Chukua kadibodi ya boksi la friji, ikate ikaribie umbo la tumbo lake chini ya ukingo, isogeze mpaka iguse, kisha pitisha penseli iliyokaa juu ya kijibao cha unene wa sentimita 1, ukifuata umbo lake lote. Kata kwenye alama hiyo. Rudia mpaka kadibodi imkumbatie bila kuacha mwanga. Hamishia umbo kwenye reli za juu za mninga, zikate kwa msumeno mwembamba, uache milimita 2 za ziada.

Zile milimita 2 ndizo zilizotula siku mbili, na ndizo ninazozikumbuka kwa furaha kuliko zote. Mzee aliokota kipande cha mkaa uliobaki kwenye jiko la nyama, akakisaga kwenye kitambaa, akampaka Bibi chini ya ukingo. Tukaishusha fremu juu yake taratibu, tukaitikisa kidogo, tukaiinua. Kwenye mbao palikuwa na alama tatu nyeusi, kila moja kubwa kama punje ya mahindi. Pale tu ndipo mbao ilipogusa kauri; kwingine kote palikuwa hewa. Akachukua patasi pana, akaikamata karibu na makali kama anayeandika, akakwangua zile punje tatu tu. Mninga ulitoa maganda membamba yenye harufu ya mkate. Mkaa tena, shusha, inua: alama tano. Kwangua. Shusha, inua: alama tisa, nyembamba zaidi. Mara ya saba reli yote ilikuwa imechafuka sawasawa, mstari mmoja wa kijivu kutoka kona hadi kona, na fremu ilipokaa juu ya Bibi haikutoa sauti yoyote. Mzee akapuliza vumbi. "Sasa wamejuana," akasema.

Viungo viwe vya ulimi na tundu. Skrubu peke yake kwenye miguu ya sinki hulegea, kwa kuwa kila anayeegemea anasukuma kidogo, mara 20 kwa siku, mwaka mzima. Miguu yangu ni milimita 50 kwa 50, reli 80 kwa 25, ulimi unene wa 12 na urefu wa 35, umebanwa na kijiti cha mninga kilichopigiliwa kupenya kiungo. Unga vyote vikavu kwanza, bila gundi. Pima kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikilingana, pembe za fremu ni za mraba, visipolingana sukuma kona ndefu. Gundi iwe ile isiyoogopa maji. Kama huna vibanio, zungusha kamba fremu nzima, tia kijiti katikati na usokote kama anayekaza kitanda cha kamba. Inabana kuliko unavyodhani, kwa hiyo weka vipande vya kadibodi kwenye pembe.

Kabla ya kukata miguu, kalisha fremu mahali pake bafuni na uitegemeze kwa kabari mpaka pima maji iridhike pande zote. Sasa chukua kijibao kilichozidi unene wa mwanya mkubwa kuliko yote, kilaze sakafuni, weka penseli juu yake, zunguka miguu yote minne ukiichora. Kata kwenye mistari. Miguu itakuwa na urefu tofauti, wa mbele kwangu ni mrefu kuliko wa nyuma kwa milimita 7, na hakuna jicho linaloweza kuona. Unapochora hesabu urefu wa mwisho: ukingo wa juu sentimita 84 kutoka sakafuni ulitufaa sisi, ingawa masinki ya zamani mara nyingi yaliwekwa chini zaidi na kuwavunja watu migongo. Nyayo za miguu ndiko mbao hunywa maji kama mrija. Zijaze epoksi mara mbili, kisha bandika chini yake viduara vya mpira mgumu.

Sehemu nyingine ipake mafuta ya kitani yaliyochemshwa, matabaka manne membamba, siku moja katikati. Na hili nalisema kwa uzito: matambara yenye mafuta ya kitani usiyafinyange na kuyatupa kwenye pipa. Hupata joto yenyewe na kuwaka moto bila kiberiti. Yaanike yaliyokunjuliwa kwenye waya nje, au yaloweshe ndani ya ndoo ya maji.

Kati ya mbao na kauri weka ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli. Chuma kisimguse popote. Palipo na bolti weka washa ya mpira, kaza kwa vidole, ongeza robo ya mzunguko kwa spana, acha. Mkono unaotaka kuongeza robo nyingine ndio uliowapasua mabibi wengi mnaowaona yadini.

Mabomba ni habari fupi zaidi. Bomba zake mbili za shaba, ya moto kushoto na ya baridi kulia, zina nyuzi za nusu inchi ambazo bado ndizo zinazotumika leo, kwa hiyo washa za ndani utazipata duka lolote la vifaa. Tundu la kutolea maji lipime kwa kalipa kabla ya kununua chochote, kwa sababu mfinyanzi hakujua duka lako. Hakikisha reli ya mbele imekaa juu kiasi kwamba mkono na spana vinaufikia mtego wa maji chini yake. Mtego ule wenye shingo iliyopinda ndio unaozuia harufu ya bomba la maji taka isipande, na siku moja pete itaanguka humo. Kiunganishi cha maji safi mwachie fundi bomba mwenye leseni, nawe mshikie tochi.

Jambo moja ni la mji huu hasa. Maji ya Johannesburg yanasafiri mbali, kutoka bwawa la Vaal na milima ya Lesotho, na hupandishwa kwa pampu mpaka kwenye miinuko yetu, na siku za kukatika zipo. Mtu hufungua bomba, hakitoki kitu, huenda zake akiwa ameliacha wazi na kizibo kiko tunduni. Maji yakirudi saa nane usiku, kile kitundu cha kufurikia hakiwezi kuyameza. Funga bomba hata likiwa kavu. Yakirudi, fungua polepole, kwa kuwa hewa iliyonaswa hupiga mabomba kama ngoma na mshtuko unafika mpaka kwenye kauri. Na masika ya huku, mwezi wa 11 na wa 12, chungulia chini yake kabla ya kutia mkono. Kuna nyenje mmoja mkubwa wa rangi ya machungwa, anayejulikana kwa jina la kamba wa Parktown, hupenda penye giza na unyevu. Hang'ati sana. Anaruka.

Jaribio la mwisho hufanywa usiku. Ziba tundu, jaza maji mpaka kwenye kitundu, tandaza gazeti sakafuni chini yote, kalale. Asubuhi gusa gazeti kwa kiganja kizima, siyo kidole. Letu lilikuwa kavu kila mahali isipokuwa duara moja chini ya nati ya kushoto, ambayo ilikuwa haijapata ile robo yake ya mzunguko, tukaiongeza na kurudia usiku wa pili. Likawa kavu.

Nikampigia mzee simu. Alikuja na suruali yake nzuri. Akafungua bomba zote mbili, akanawa mpaka kwenye viwiko, akafunga, kisha akaegemeza mikono yote kwenye ukingo, kona ya kushoto, na kuhamishia uzito wake pale kama anayesubiri basi stendi ya Msamvu, Morogoro. Akakaa hivyo muda mrefu akitazama dirishani. Kiti hakikusema kitu. Maji yakawa yanamdondoka viwikoni.

"Ndugu," akasema bila kugeuka, "taulo inatundikwa wapi?"

Kwa hiyo unapokata reli za ubavuni, ya kulia iache sentimita 6 nje ya mguu na uikwangue iwe ya mviringo, unene wa kipini cha jembe, ili taulo ipate hewa pande zote na isiguse kauri.